Pawavali Ikigoma, Iulize Kabla Hujaifungua

Barua za safari hii zimeangukia mahali pamoja: pikipiki ndogo za tustroki zinazotoa nusu ya nguvu zake. Karibu kila aliyeandika ameshaambiwa na fundi wake anunue kitu. Sisi tunaomba pochi ifungwe kwanza, zitolewe spana, tochi, testa na kipande cha waya wa kufungia.

Assalaam alaikum. Nina Yamaha DT125R ya 1998 iliyoletwa huku kutoka Ulaya. Kutoka chini inavuta vizuri mpaka RPM (mizunguko kwa dakika) 6,500 hivi, hapo inakwama kama iliyoshikwa breki, hata nikizungusha mkono wa resi hadi mwisho. Plagi ni mpya, filta nimeiosha, kabureta imesafishwa mara mbili. Fundi anasema sevomota ya pawavali imekufa, na mpya ni ghali. Ninunue?
*Msomaji, Muscat*

Waalaikum salaam. Usinunue bado.

Tundu la kutolea moshi kwenye tustroki ni dirisha lililo ukutani mwa silinda, na pistoni ndiyo pazia lake. Juu ya dirisha hilo Yamaha wameweka ngoma ndogo iliyokatwa ubavu mmoja. Injini ikienda polepole, ngoma hushusha kizingiti cha juu cha dirisha. Tundu huchelewa kufunguka, na mlipuko hupata muda mrefu zaidi wa kuisukuma pistoni. Resi zikipanda ngoma huzunguka, kizingiti kikapanda, moshi ukawahi kutoka. Huo ndio mfumo wa YPVS, yaani pawavali ya Yamaha, uliozaliwa kwenye pikipiki za mashindano miaka ya 1970 na kuingia barabarani 1983 kwa pikipiki ya RD350 YPVS. Kwenye DT125R kinachoizungusha ngoma ni sevomota, mota ndogo ya umeme iliyofichwa karibu na fremu, kwa kebo mbili na puli ndogo iliyo ubavuni mwa silinda. Amri inatoka kwenye CDI, kasha la umeme linalotoa cheche za plagi.

Dalili zako zinaelekea upande mmoja: chini kuzuri, juu kumefungwa. Ngoma iliyoganda chini hufanya hivyo hasa. Ikiganda juu mambo hugeuka: kuondoka kwenye taa ni mateso, unachezea klachi na kupiga resi, halafu ikifika 7,000 inafufuka. Ngoma inayocheza lakini kwa kuchelewa au kwa kusitasita huacha bonde katikati, pale ambapo ilitakiwa ianze kupanda. Tatizo ni kwamba bomba lililoziba huiga dalili yako vilevile, na jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta) isiyo saizi yake pia, na CDI pia. Kwa hiyo tunaiuliza pawavali yenyewe.

Anza na ufunguo. Ondoa kifuniko cha puli, fungua swichi bila kupiga kiki, utazame. Puli inatakiwa izunguke mpaka mwisho mmoja, irudi, itulie, huku ukisikia mlio mfupi wa mota. Huko ni kujisafisha, kukwangua masizi mapya kabla hayajashika. Ikizunguka safari nzima kwenda na kurudi, sevomota yako haijafa, na maneno ya fundi yameishia hapo. Ikitetema bila kwenda, au ikienda nusu, kuna kitu kinaizuia au umeme ni mdogo. Ikiwa kimya kabisa, pima betri kwanza: chini ya volti 12 usilaumu mota.

Sasa jaribio ambalo mafundi wengi hulikwepa, nalo halina gharama. Toa bomba la moshi, mulika tochi ndani ya tundu, na uzungushe puli kwa mkono. Utaiona ngoma ikishuka kama kope na kupanda mpaka ilingane na dari ya tundu. Weka alama mbili kwa rangi ya kucha kwenye puli, moja ya chini na moja ya juu. Legeza kebo, zitoe kwenye puli, rudisha bomba. Plagi ya nyaya za sevomota iache imechomekwa, maana baadhi ya CDI zikikosa ishara yake hujilinda kwa kukata resi. Zungusha puli hadi alama ya juu, ifunge imara kwa waya, uende barabarani kilomita mbili tatu injini ikiwa na joto.

Chini itakuwa legelege, hilo ulitarajie. Swali ni juu. Ikipita 6,500 na kuendelea kuvuta, basi ngoma, bomba, jeti na pistoni vyote ni vizima. Ugonjwa uko kwenye kebo, sevomota au amri. Ikikwama palepale, pawavali haina hatia. Shughulika na bomba, kisha jeti na CDI.

Na hapo kwenye bomba kuna jambo la kuangalia mapema, kwa kuwa pikipiki yako imetoka Ulaya. Nchi kadhaa za huko zina mipaka ya nguvu kwa wanaojifunza. Uingereza, kwa mfano, iliweka kikomo cha cc 125 na nguvu farasi 12 mwaka 1983. Waliouza pikipiki hizi walizibana: pete ya chuma yenye tundu dogo ndani ya mdomo wa bomba, na wakati mwingine ngoma iliyofungwa isizunguke. Chukua kalipa, pima mdomo wa bomba ulinganishe na tundu la silinda. Ukikuta pete imechomelewa ndani, umepata breki yako. Jiulize pia: tangu uinunue, imewahi hata siku moja kupita 6,500? Kilichoharibika huwa na siku kilipokuwa kizima. Kilichobanwa kiwandani hakina siku hiyo.

Ukimaliza, rudisha kebo mahali pake. Fungua swichi, acha sevomota ifanye safari yake itulie, ndipo urekebishe. Puli ina tundu au alama inayotakiwa ilingane na ile ya silinda; chomeka mkia wa drili unaoingia humo bila kulegea, kisha vuta nati za kebo mpaka zote mbili ziwe na mchezo wa milimita moja hivi. Kebo ikikazwa kupita hapo sevomota inasukuma ukuta kila swichi inapofunguka. Sevomota nyingi zinazoitwa mbovu ziliuawa namna hiyo.

Shikamoo fundi. Nina Yamaha AG100 ya shamba, imepungua nguvu mlimani. Nimeambiwa nitafute pawavali. Inapatikana wapi?
*Msomaji, Iringa*

Marahaba. Haipatikani, kwa sababu AG100 haina. Tazama ubavu wa silinda pale bomba la moshi linapoanzia: hakuna puli, hakuna kebo, hakuna kifuniko. Tundu lake lina kimo kimoja tangu kiwandani.

Pikipiki ya namna hiyo ikichoka mlimani, toa bomba uangalie ukoko kwenye tundu la silinda na kwenye mkia wa sailensa. Kisha angalia majani ya ridi (vali bapa za kuingizia mchanganyiko) nyuma ya kabureta, yasiwe yamepasuka kona wala kuachama. Mwisho pima kompresha, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Kwa hali ya kawaida utakuwa umeshajua kabla ya kufika huko mwisho.

Pawavali ya DT125R yangu inaganda kila baada ya miezi miwili. Naisafisha, inakimbia vizuri, inaganda tena. Ubavuni panachuruzika uchafu mweusi mpaka kwenye buti. Natumia oili ya mashine za boti, naichanganya na petroli kwenye tangi, na kopo la oili la pikipiki nalijaza vilevile kwa usalama.
*Msomaji, Tanga*

Umejijibu katika sentensi ya mwisho. DT125R ina pampu ya Autolube inayovuta oili kutoka kwenye kopo na kuipeleka kwenye injini kulingana na mkono wa resi. Ukichanganya tena kwenye tangi, injini inakula oili mara mbili. Isiyoungua inakwenda kwenye tundu la moshi, inapikwa na joto, inakuwa ukoko kama wa chungu cha wali, na ngoma inashikamana na nyumba yake.

Chagua njia moja. Ukiiamini pampu, weka petroli tupu kwenye tangi. Kama huiamini, ipime kabla ya kuamua: kwa siku hiyo tu weka mchanganyiko wa 1:50, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, ili injini isikauke wakati wa kupima. Chomoa mrija mwembamba unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye injini, washa, iache ikinguruma chini, na uvute mkono wa pampu kwa kidole hadi mwisho. Matone yanatakiwa yatoke kwa mpangilio, bila mapovu. Mapovu maana yake hewa imeingia: legeza skrubu ya kutolea hewa ubavuni mwa pampu mpaka oili tupu itoke. Kisha hakikisha alama ya puli ya pampu inalingana na ile ya mwili wake pale mkono wa resi unapokuwa kwenye nafasi inayotajwa na kitabu cha pikipiki. Kebo ya pampu iliyovutwa kupita kiasi ni chanzo cha ukoko ambacho watu husahau kabisa.

Kuhusu oili ya boti. Kopo lenye maandishi TC-W3 limetengenezwa kwa mashine za boti zinazopozwa na maji ya bahari, ambazo silinda zake hazipati joto la pikipiki. Si oili mbaya, ila kazi yake ni nyingine. Kwa pikipiki tafuta kopo lililoandikwa JASO FC, au bora FD, ambazo ni daraja za Kijapani za oili ya tustroki. Zote mbili hazina moshi mwingi, na FD ina uwezo mkubwa zaidi wa kuosha masizi. Kwa mtu mwenye pawavali tofauti hiyo ina thamani. Oili ya magari usiiweke kabisa, hata kama jirani yako anaiweka na "haijamfanya kitu".

Sasa usafi wenyewe, maana kuganda kila miezi miwili kunatufanya tudhani unasafisha kinachoonekana tu.

Injini iwe baridi. Toa bomba la moshi. Sukuma kiki taratibu mpaka pistoni ipande na sketi yake izibe tundu lote, ili vipande vya ukoko visiangukie ndani. Paka grisi kidogo kwenye mzingo wa pistoni unaouona. Itakamata chembe, na mwisho utaifuta pamoja nazo.

Weka alama kwenye puli na kwenye kila kebo. Kebo mbili hizi zinafanana kama pacha, na ukizibadilishana ngoma itafunguka wakati wa kufunga. Legeza nati, toa kebo, kisha fungua boliti ya puli huku ukiishika puli kwa plaizi iliyofungwa kitambaa. Usiache ngoma ijigonge kwenye kizuizi chake kwa nguvu ya spana. Upande wa pili toa kifuniko na bati linaloishikilia ngoma. Kwenye matoleo mengi ngoma ni vipande viwili vilivyounganishwa na boliti ya katikati. Ukiifungua, kila kipande kinatoka upande wake.

Kama haitoki, usichukue nyundo. Rudisha bomba, washa injini ipate joto kiasi cha kutovumilika kwa mkono, izime, mwagia dizeli kidogo pembeni mwa ngoma, na uipindepinde puli huku na huku kwa hatua ndogo. Ikikataa, iache na dizeli mpaka kesho yake. Ngoma iliyotolewa kwa patasi hurudi na kovu, na kovu hilo ndilo litakaloshika ukoko wa kwanza.

Loweka ngoma kwenye petroli au dizeli usiku kucha. Asubuhi kwangua kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, kisha brashi ya nyuzi za shaba. Kuna mafundi wanaotumbukiza kila kitu kwenye kostiki soda. Kwa bomba la chuma tupu inafaa, ukivaa glavu na miwani na ukaisuuza vizuri. Kwa alumini ni sumu: utaona inachemka mapovu, na yale mapovu ni chuma chako kinachoyeyuka. Silinda na sehemu yoyote ya alumini zisiguswe nayo.

Nyumba ya ngoma ndani ya silinda ndiyo sehemu wengi wanayoiruka. Funga kitambaa chenye petroli kwenye kijiti, kizungushe ndani mpaka kitoke cheupe. Msasa usiingie humo hata kidogo. Ukipanua nyumba umenunua kelele ya kudumu.

Uchafu unaochuruzika hauachi kwa kusafisha. Unatoka kwenye oringi na oili sili za mhimili wa ngoma, ambazo zimekauka kwa joto. Weka mpya zote, hata zile zinazoonekana nzima, maana bei yake ni ndogo na kazi ya kuzifikia ni kubwa. Midomo ya sili ipake grisi kiduchu. Ngoma yenyewe ipake oili ya tustroki tu, nyembamba. Kuipaka ngoma grisi ni kupanda ukoko mwingine. Boliti ya katikati ipate tone la gundi ya nyuzi za boliti. Ukimaliza, ngoma izunguke kwa vidole viwili mwanzo hadi mwisho bila mahali pa kukwama. Ikihitaji vidole vitatu, itoe tena.

Ukiacha oili ya mara mbili, kagua tena baada ya kilomita 5,000 hadi 6,000. Safari fupi fupi za sokoni ambazo injini haipati joto huharakisha ukoko, kwa hiyo mara moja kwa wiki ipe barabara ndefu.

Honda NSR125 yangu asubuhi pawavali inalia vizuri ninapofungua swichi. Nikishatembea nusu saa, nikizima na kufungua tena, kimya, na nguvu za juu hazipo. Kesho yake inafanya kazi. Nimeisafisha, inazunguka laini kwa mkono.
*Msomaji, London*

Kama ngoma inazunguka laini hata ikiwa na joto (na hakikisha umeijaribu ikiwa na joto, siyo asubuhi tu), hii ni kesi ya umeme.

Rudia tatizo lenyewe: tembea mpaka inyamaze, usiache ipoe. Toa kebo kwenye puli, fungua swichi. Sevomota ikizunguka bila mzigo lakini ikashindwa ikiwa na kebo, mzigo umezidi au umeme umepungua. Ikiwa kimya hata bila mzigo, chomoa plagi yake. Kwa kawaida utakuta nyaya tano: mbili za mota na tatu za kipima nafasi, yaani kile kinachoieleza CDI ngoma imefika wapi. Zipeleke zile mbili za mota moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 5, kwa sekunde moja tu kila mara. Geuza chanya na hasi, nayo igeuze mwelekeo. Ikizunguka pande zote mbili, mota ni nzima.

Kipima nafasi huchakaa kimyakimya. Weka testa kwenye kilo-ohm. Kati ya nyaya mbili za pembeni usomaji ubaki uleule hata puli ikizungushwa. Kati ya ule wa katikati na mmoja wa pembeni, usomaji upande au ushuke taratibu. Mshale au namba zikiruka, au zikakatika mahali pamoja, njia ya ndani imelika. Wakati mwingine dawa ya kusafishia konekta huirudisha kwa miezi kadhaa. Tumia testa ya mshale kama unayo. Za namba ni za polepole na hupitwa na mruko.

Lakini tunachokishuku zaidi kwako ni umeme unaofika kwenye kasha la CDI, kwa sababu joto linahusika. Testa peke yake itakudanganya: konekta yenye kutu inaweza kuonyesha volti 12 kamili wakati hakuna kinachotumia umeme, kisha ikaporomoka mota inapoanza kuvuta. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, ambayo hula karibu ampea 1.75, iunganishe kati ya waya wa umeme wa swichi na ardhi palepale kwenye plagi ya kasha. Iwake kwa nguvu. Ikiwa hafifu, hamishia waya wa ardhi wa balbu kwenye hasi ya betri: ikiwaka vizuri, ardhi yako ni mbovu, ikibaki hafifu, fuata waya wa swichi.

Tahadhari moja ya rangi, hasa kwa aliyezoea Yamaha. Kwenye Honda waya mweusi ni umeme wa swichi na wa kijani ni ardhi. Kwenye Yamaha mweusi ni ardhi, na umeme wa swichi ni wa kahawia. Aliyesahau hilo huunguza fyuzi akiwa na bahati, na kasha akiwa hana.

Mwanangu anaendesha Yamaha YZ85 ya 2019 kwenye uwanja wa motokrosi hapa Nairobi. Tulibadilisha pistoni wenyewe nyumbani. Tangu siku hiyo inatoka vizuri kwenye kona lakini haishiki resi za juu. Haina sevomota, sasa nitapima nini?
*Mzazi, Nairobi*

YZ85 ilipata YPVS kuanzia modeli hiyo ya 2019, na ni ya kimakenika tupu. Ndani ya kifuniko cha injini kuna gavana: vigololi vya chuma vinavyorushwa nje na mzunguko, vikasukuma kikombe dhidi ya springi, na kikombe kikavuta mkono unaoizungusha vali. Hakuna waya hata mmoja.

Tatizo lililoanza siku ya kazi, litafute kwenye kazi. Kosa la kawaida ni kurudisha silinda na kusahau kuunganisha mkono wa gavana na mhimili wa vali, au pini yake kutoingia sawasawa. Vali isiyo na wa kuivuta hubaki chini, nayo injini hufanya kama unavyoeleza.

Fungua kifuniko kidogo kilicho ubavuni mwa silinda, mwisho wa mhimili wa vali. Injini ikiwa na joto na pikipiki ikiwa kwenye stendi, gia huru, mmoja apige resi fupi fupi huku mwingine akitazama. Mhimili unatakiwa ujizungushe resi zinapopanda na kurudi zinaposhuka. Zisizidi sekunde moja kila mara. Injini isiyo na mzigo haipendi kuchezewa hivyo. Mhimili ukitulia tuli, zima, jaribu kuuzungusha kwa mkono. Ukizunguka ovyo bila kurudishwa na springi, mkono haujaunganishwa. Ukirudi wenyewe, basi unganiko lipo, na gavana ndiye asiyesukuma: fungua kifuniko cha injini uangalie kama vigololi vimechimba mifereji kwenye njia yake au kuna kilichosahaulika nje. Kahesabu boliti, springi na washa zilizobaki kwenye meza mliyofanyia kazi. Wengi huzikuta huko.

Silinda ya DT125R yangu imechongwa upya, pistoni ni ya ova saizi. Sasa inagonga tiki-tiki ikiwa chini, nikipiga resi inanyamaza. Fundi anasema ni pistoni mpya, itazoea.
*Msomaji, Mombasa*

Zima pikipiki hiyo na usiiwashe mpaka uhakikishe. Mlio wa kugonga unaosikika ngoma ikiwa chini na kupotea ikipanda unaielekezea ngoma kidole.

Silinda ikichongwa, ukuta wake unarudi nyuma lakini ngoma inabaki palepale. Kipenyo kikitoka milimita 56.00 kwenda 56.50, kila upande umerudi robo milimita, na ngoma imesogea robo hiyo karibu na pistoni. Kwenye 57.00 ni nusu milimita. Sura ya ngoma ilikatwa ifuate ukuta wa mwanzo, kwa hiyo ukichonga bila kuigusa inaweza kuchungulia ndani ya silinda.

Toa bomba, mulika tochi, shusha pistoni taratibu kwa kiki na utazame ubavu wake unaoelekea tundu. Mstari unaong'aa au mkwaruzo ulio sawa na upana wa ngoma ni ushahidi wa kutosha. Toa silinda, irudishie ngoma ndani yake, kisha laza rula ya chuma kwa wima ukutani ikipita juu ya tundu. Zungusha ngoma kutoka chini hadi juu. Mahali popote inapoisukuma rula, inatakiwa ipunguzwe.

Kazi hiyo ifanyike ngoma ikiwa nje, kwa mashine au kwa tupa laini na mkono wenye subira, ikifuata mviringo mpya na kubaki nyuma kidogo ya ukuta. Ncha zake zipigwe msasa ziwe butu. Mwulize aliyechonga pia kama alizipunguza makali kingo za matundu yote, maana pete za pistoni zikipita kwenye kingo kali hunaswa na kukatika.

Ukikuta rula inapita bila kuguswa na mlio wa kugonga bado upo, shika ngoma kwa vidole uitikise juu na chini. Mchezo unaousikia kwa mkono ni boliti ya katikati iliyolegea au mhimili uliolika. Boliti ikikatika, kipande cha ngoma huangukia njiani mwa pistoni, na pistoni yako mpya ndiyo itakayokipokea.